Sakafu ya Pijo

Jumamosi, 1 Februari

Leo mguu wangu wa kulia umetokeza chini ya gari la babu.

Nilikuwa nimeingia kusoma, kama ninavyofanya kila Jumamosi. Pijo 404 stesheni wagoni, gari la marehemu Babu Efraimu, limekaa kwenye kona ya uwanja wa Baba Mkubwa Agustino hapa Makambako, matairi hayana upepo, na ndani yake ndiyo maktaba yangu, kwa sababu nyumba yake, ninamokaa kwa ajili ya shule, haizimi redio. Nilipokanyaga nyuma ya kiti cha dereva nikasikia mlio kama wa biskuti, kisha nikahisi majani mabichi kwenye kifundo cha mguu. Sikuumia. Kuku aliyekuwa amejikinga mvua chini ya gari alinitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.

Kabla hajafa mwaka jana, babu alitamka mbele ya ukoo wote: "Gari ni la Rejoice, kwa sababu ndiye peke yake aliyesoma kitabu chake." Kitabu chenyewe ni cha matengenezo, kwa Kiingereza. Nilikuwa namsomea na kumtafsiria tangu darasa la sita. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Gari ni langu, na linaoza.

Na ninajua nani kaliozesha. Limenyeshewa misimu mitatu kwenye uwanja huu bila hata turubai.

Jumapili, 2 Februari

Mimi si msemaji. Darasani jina langu likiitwa nasimama, lakini sauti inabaki imekaa. Kwa hiyo nimeandika barua, nikaiweka ndani ya Biblia ya Baba Mkubwa kabla ya ibada.

Jumatatu, 3 Februari

Ameisoma. Ameisoma mezani, kwa sauti, ugali ukipoa.

"'Mheshimiwa Baba Mkubwa. Napenda kukutaarifu kwamba gari la marehemu babu limeoza kutokana na uzembe uliofanyika katika uwanja wako.'" Akashusha karatasi. "Uzembe uliofanyika! Huyu mtoto ananiandikia kama halmashauri."

Mama Mkubwa alificha mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilihesabu njegere kwenye sahani yangu. Zilikuwa kumi na saba.

"Sikia, Rejoice," akasema Baba Mkubwa, na hakuwa anapiga kelele, afadhali angepiga. "Lile gari lilikuja hapa limeshaoza. Tulilivuta kwa trekta kutoka kijijini Kifanya, milango imefungwa kwa kamba. Aliyeliacha lioze ni mzee mwenyewe. Kifanya nzima wanajua. Na akiulizwa alikuwa anajibu, ni mvua. Kwani mvua ya Kifanya ilikuwa inanyesha kwake tu?"

Nilitaka kusema kwamba babu hakuwa mzembe, kwamba alikuwa anafuta vumbi la dashibodi kwa leso ya kanisani.

"Baada ya Pasaka mafundi wanaanza msingi wa fremu za maduka pale pale. Watu wa chuma chakavu nimeshaongea nao. Lakini umeniandikia, basi nakujibu. Jumatatu ya Pasaka, likitoka nje ya geti langu kwa magurudumu yake, na mtu amekaa ndani, ondoka nalo. Likishindwa, linakatwa."

"Naomba uandike," nikasema.

Nadhani ni mara ya kwanza mwaka huu kusema neno mezani. Alinitazama, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya barua yangu mwenyewe, akasaini na kuweka tarehe. Nimeibandika kwenye jalada la ndani la daftari hili. Wiki kumi na moja.

Jumatano, 5 Februari

Mvua. Nimeweka ndoo tatu ndani ya gari. Zimejaa zote.

Jumamosi, 8 Februari

Ashura ninakaa naye dawati moja, Kidato cha Tatu. Anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Baba yake, Fundi Hassani, ni fundi bodi mwenye gereji ng'ambo ya barabara kuu, tunatazamana nayo getini. Alikuja hapa kutoka Kondoa kabla Ashura hajazaliwa, kunyoosha magari yanayopinduka mteremkoni. Ashura amepanga biashara yote bila kuniuliza: mimi nimfundishe Kemia na Hisabati kila siku baada ya vipindi, baba yake aniokolee gari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa barua?"

Kwa hiyo mtaa mzima unajua.

Alilizunguka gari polepole. Akabonyeza madigadi kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Akalala chali kwenye tope, akatazama chini kwa muda mrefu, akatoka na makombo ya kutu kwenye nyusi.

"Binti, hili si gari. Hili ni chujio."

Vijana wake wawili waliangua kicheko. Mmoja akaniita Injinia wa Kutu, na naona jina hilo litadumu.

"Lakini usiogope," akaendelea fundi. "Nasokomeza magunia kwenye matundu, napiga pati ya kuziba juu, nasugua msasa, napaka rangi. Siku tatu. Baba yako mkubwa mwenyewe atataka kwenda nalo kanisani."

"Pati haibebi mtu," nikasema. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

"Umesema?"

"Kitabu kinasema palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, kichomelewe chuma kipya. Pati ni ya kulainisha tu. Na Baba Mkubwa ameandika, mtu awe amekaa ndani."

"Kitabu." Aliligeuza neno mdomoni kama jiwe lililokutwa kwenye wali. "Nimeshika nyundo kabla mama yako hajafikiria kukuzaa, na wewe unaniletea kitabu." Akavuka barabara bila kuaga.

Ashura akasema, "We Rejoice, kwa nini ukiamua kuongea ndiyo unaongea hivyo?"

Jumamosi, 15 Februari

Sikwenda kumbembeleza. Nilichukua bisibisi na kuanza kuchokonoa madigadi ya nyuma, upande wa kushoto, palipokuwa panaonekana pazima kuliko pengine pote. Rangi ilipasuka, pati ya zamani ikatoka kama ganda la yai, nene kama kidole. Nyuma yake kulikuwa na gazeti lililokunjwa na kipande cha kanga, vyote vimelowa. Nilipovivuta, maji ya kahawia yalimwagika hadi kwenye kandambili zangu. Chuma chenyewe hakikuwepo. Kulikuwa na gazeti lililopakwa rangi ya gari.

Fundi Hassani alikuwa getini. Sijui alisimama kwa muda gani. Akalichukua gazeti, akajaribu kusoma tarehe, wino umekwisha.

"Hii ni kazi ya nani?" nikauliza.

"Ya fundi mwenye njaa," akasema. Kisha akatoa nyundo ndogo mfukoni, akagonga nguzo ya mlango. Ikalia, ting. Akagonga chini ya mlango. Kimya, kama kugonga boga. "Unasikia? Tutakata hadi tufike panapolia. Na ikitokea hakuna panapolia, hutaniandikia barua."

"Sitakuandikia."

"Haya. Leta hicho kitabu."

Jumatano, 19 Februari

Kukata. Mikono inatetemeka hadi kwenye daftari, ndiyo maana mwandiko huu.

Jumapili, 23 Februari

Jana nilisugua nguzo za milango kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa kama kijiko. Nilijivunia sana, nikaenda kulala. Asubuhi, kabla ya kanisa, nimekuta ukungu umekaa juu yake na nguzo zote zina rangi ya chungwa. Kazi ya siku nzima.

Fundi anasema huku kwetu chuma hakilali uchi. Unachosugua leo unakipaka rangi ya msingi leo, la sivyo hujafanya kitu. Nimesugua upya baada ya ibada, nikapaka ile rangi nyekundu kama tofali. Iache ije tena hiyo kutu. Nina brashi na nina muda.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Fundi anachomelea bila hata tone la maji, moto usoni. Vijana wake wamekuwa wapole kidogo. Bado naitwa Injinia wa Kutu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeliua gari.

Niandike kama lilivyotokea. Alhamisi Fundi Hassani alisafiri kwenda Iringa msibani. Aliniambia, "Usiguse chini ya milango mpaka nirudi." Chini ya milango kuna boksi refu la bati linalokwenda kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Upande wa kulia lilikuwa limeoza vibaya. Mimi nilihesabu wiki zilizobaki, nikaona fundi anachelewa, nikaona kitabu kina mchoro, nikaona nimeelewa. Jana baada ya vipindi nilichukua patasi na nyundo nikaanza kutoa palipooza. Chuma kilikuwa kinatoka kirahisi, ndicho kilichonidanganya. Nilitoa boksi karibu lote. Nilikuwa nimefurahi, nakiri, nilikuwa naimba.

Asubuhi hii gari lilikuwa limekaa. Sina neno jingine. Katikati limeshuka, pua na mkia vimeinuka, milango ya kulia imebanana na haifunguki, na juu ya mlango wa nyuma paa limefanya mkunjo. Boksi lile ndilo lililokuwa limelishikilia, hata likiwa limeoza. Nami nimelitoa bila kuweka kitu kingine mahali pake.

Vijana wa gereji walivuka kuja kuona. "Pijo limekaa kama mama anayechambua mboga," akasema mmoja. Baba Mkubwa alitoka na kikombe cha chai, akasimama, akatazama. Akarudi ndani, na nikamsikia akimuuliza Mama Mkubwa kama ile namba ya watu wa chuma chakavu bado ipo.

Fundi alirudi saa kumi jioni, begi begani, hajafika hata kwake. Ashura alikuwa amempigia simu.

"Nilikwambia nini?"

"Usiguse."

"Kitabu kilisema nini?"

Hapo ndipo pabaya zaidi. Kitabu kilisema vilevile. Kuna ukurasa mzima juu ya kuishikiza bodi kwa vyuma kabla ya kukata. Niliuruka kwa sababu haukuwa na mchoro.

"Kilisema nisiguse," nikajibu.

Alikaa juu ya begi lake. Midomo ilikuwa imekauka kwa saumu na safari. "Basi umekosana na wawili: mimi na kitabu tumekwambia neno moja, na wewe umetudharau wote. Ingia ndani, Rejoice."

Ni mara ya kwanza ananiita jina langu. Nimeingia ndani. Nimelia, nimenawa. Kesho nitarudi uwanjani. Anifukuze akitaka, lakini atanifukuza nikiwa nimesimama pale pale.

Jumapili, 9 Machi

Hakunifukuza. Alinipa brashi.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzima tumeliinua Pijo kwa jeki mbili, kidogo kidogo, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Fundi alichomelea vyuma vya pembe kukatiza milango ili bodi isirudi chini. Tatizo likawa kujua kama limenyooka. Yeye hupima kwa jicho, na jicho lake lilisema tayari. Mimi nilisema tupime kwa kamba, kona hadi kona, kutoka nguzo ya mbele juu hadi nguzo ya nyuma chini, kisha kinyume, na tulinganishe na upande wa kushoto ambao haukushuka.

"Kwa nini kona hadi kona?"

Nikamwambia kwamba umbo linaweza kuwa na pande sawa na bado likawa limeegemea. Vipimo vya kukatiza ndivyo vitakavyolisema. Nilichora chini kwa msumari. Ashura alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwalimu, ingawa wiki iliyopita hakulijua hilo.

Jicho lake lilikuwa limekosea kwa upana wa vidole viwili. Aliikaza jeki, kamba zikalingana, na mlango wa kulia ukajifungua wenyewe kwa mlio wa kupumua.

"Naona hicho kitabu kina kurasa nyingine," akasema fundi.

Boksi jipya tumelikunja kutoka kwenye bati la mlango wa lori lililopinduka. Lina nusu ya jina la kampuni ya mtu, na maneno "Mungu ni" yaliyokatika. Lipo ndani, halitaonekana.

Jumamosi, 22 Machi

Tumefika nyuma, chini ya viti vya mwisho. Nilipobandua zulia, lililokuwa limegandana na bati, nilikuta kwenye mikunjo yote ya sakafu kitu cheupe, punjepunje, kimeshikana kama chumvi iliyoingiwa na unyevu. Penye weupe huo hakuna chuma, kuna matundu tu. Mahali usipofika weupe, chuma kinalia.

Fundi anasema mvua haiachi unga mweupe. Nimekusanya kidogo kwenye karatasi ya daftari.

Jumatano, 26 Machi

Mwalimu Lenard wa Kemia ametufungulia maabara wakati wa mapumziko. Tumeweka punje kwenye bomba la kioo, tukaongeza sodiamu haidroksaidi, tukapasha moto. Harufu ya choo cha shule ilipanda, Ashura akakimbilia dirishani. Nilishika karatasi nyekundu ya litmasi kwenye mdomo wa bomba. Ikawa bluu.

Ni amonia. Ni mbolea. Na mbolea ya chumvichumvi, ikipata unyevu, inakula chuma mchana na usiku kuliko mvua yoyote. Mwalimu alieleza, nikaandika, nikawa sisikii.

Baba Mkubwa hajawahi kuweka mbolea uwanjani hapa. Analima nini, saruji? Kwa hiyo gari lilioza Kifanya, kabla halijaja. Barua yangu ilikuwa na uongo, nami niliisaini.

Jumamosi, 29 Machi

Shule imefungwa kwa siku chache. Nimepanda basi hadi Njombe, na jingine hadi Kifanya. Viazi vyote vimechanua.

Bibi Fidelia alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Kamwene, mke mwenzangu!" Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa babu alikuwa ananiita mke wake mdogo. "Umekonda. Wanakulisha nini huko mjini?"

Nilifungua karatasi juu ya meza. Alichovya kidole, akanusa.

"Hii ni mbolea ya kukuzia. Umeitoa wapi?"

"Kwenye gari."

"Ah, ndiyo. Nilikuwa naiweka humo." Aliendelea kumenya. "Ghala letu lilikuwa la mianzi, watu walikuwa wanatoboa ukuta wanachukua. Na gari lilikuwa limeshakufa injini, limekaa tu. Lina paa, lina kufuli. Misimu minne sikupoteza mfuko hata mmoja. Kwa nini unauliza?"

Nilinyamaza. Najua kunyamaza, ndicho ninachokijua kuliko vyote, lakini safari hii hakikunisaidia, kwa sababu Bibi anaujua ukimya wangu.

"Kwani mbolea inakula chuma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kisu kilisimama. Ganda la kiazi lilikuwa linaning'inia, refu, halijakatika.

"Msimu wa nne," akasema, "nilirudi kutoka shambani nikakuta mzee anahamisha mifuko yote. Anaibeba mwenyewe, na mgongo wake ule. Ameipanga chumbani kwetu hadi dirishani. Nikamuuliza kuna nini? Akasema gari linanuka, abiria wanalalamika." Alinitazama. "Gari halina injini, Rejoice. Abiria gani? Nikajua akili imeanza kumtoka. Nikawaambia hata majirani. Tulilala na mbolea chumbani mpaka anakufa, na watu wakimsema gari lake limeoza, anajibu mvua, mvua."

Akamaliza kiazi kile, akakitia kwenye maji.

"Miaka tisa watu wananipa pole kwa kuolewa na mzembe. Na mimi nilikuwa naipokea."

"Bibi, sitamwambia mtu."

"Nani amekuomba?" akasema, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia. Kisha akaniuliza nakula viazi vya kuchemsha au vya kuunga.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau kwa Fundi Hassani, sahani mbili.

Nimeandika barua ya pili: "Baba Mkubwa, nilikosea. Gari halikuoza kwako. Naomba radhi." Nimempa mkononi. Aliisoma akiwa amesimama, bila sauti.

"Basi lilioza kwa nani?"

"Siwezi kuandika."

Aliikunja, akaitia mfuko wa shati. Sikuijua ile sura yake. Nimeishi kwake miaka mitatu na sijawahi kujiuliza kama naye aliona aibu watu walipomsema baba yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Bibi ameshuka kutoka kwenye basi amevaa buti za mvua, na kiroba cha viazi, na brashi ya waya mpya aliyoinunua Njombe, bado ina karatasi yake.

Tulikuwa wote uwanjani: fundi na vijana wake, Ashura, Mama Mkubwa anaanua nguo, Baba Mkubwa anapima mahali pa msingi kwa futi kamba. Bibi hakuketi.

"Agustino."

"Mama, karibu. Mbona hukupiga simu? Ingia ndani upumzike."

"Sikuja kupumzika. Baba yako hakuwa mzembe. Mbolea niliweka mimi humo ndani, misimu minne. Yeye aliona inavyokula, akaitoa, akanyamaza ili nisijue. Mkacheka, na mimi nikacheka. Sasa mwenye kusema na aseme kwangu, niko hapa."

Futi kamba ilijirudisha yenyewe mkononi mwa Baba Mkubwa, krrr, ikambana kidole.

"Fundi," Bibi akaendelea, "nikwangue wapi?"

"Mama, hii kazi ina vumbi…"

"Nimelala na mbolea. Nikwangue wapi?"

Amekwangua hadi magharibi, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akiimba tenzi kwa sauti ya chini. Nilimwambia Baba Mkubwa, kwa mdomo wangu, kwamba sasa angeweza kufuta ile tarehe.

"Niliandika," akasema. "Nilisaini. Wewe ndiye uliyetaka niandike." Lakini jioni aliingia stoo, akatoa turubai la saruji, akalifunika Pijo mwenyewe na kulifunga kamba pande nne.

Jumamosi, 12 Aprili

Sakafu mpya imeingia, robo tatu. Bati nene, lina mabonde tuliyoyapiga kwa nyundo ili lisicheze. Bibi haondoki.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Umeme umekatika tangu jana, na gesi ya fundi imekwisha. Imebaki mistari miwili ya kuchomelea nyuma, na kuwasha injini, ambayo fundi amekuwa akiihangaikia jioni na bado haijawaka. Mvua hainyamazi.

Kijana mmoja alisema, "Injinia, zipige pati tu hizo, nani ataona?"

"Mimi," nikasema, na nilimtazama usoni.

Fundi akacheka, akaenda kuleta drili ya mkono ya zamani na kopo la ripiti, pini za kubana bati. Hazitaki umeme. Tumetoboa tundu moja moja, sitini na nne. Viganja vyangu havifungiki.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Saa nne asubuhi Baba Mkubwa alitoka amevaa suti ya jana. Watu wa chuma chakavu walikuwa getini na mkokoteni na mtungi wao wa gesi ya kukatia. Mtaa ulikuwa umejaa kama mnadani.

Pijo lilisimama juu ya matairi ya kuazima. Halijapakwa rangi. Lina rangi yake ya krimu palipobaki, na mabaka mekundu ya rangi ya msingi kila tulipokata. Kila tulipogusa panaonekana, sikutaka kuficha hata mahali pamoja.

"Liwashe," akasema Baba Mkubwa.

Fundi Hassani alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikakata. Alifungua boneti, akapuliza bomba la mafuta, akajaribu. Kimya. Akajaribu hadi betri ikabaki inatoa mlio wa kijiko kwenye kikombe.

Mwenye mtungi akaanza kuvaa glavu.

"Rejoice," Baba Mkubwa akasema, na naapa alisema kwa huzuni, "umejitahidi kuliko…"

"Baba Mkubwa, subiri."

Nilifungua daftari hili, jalada la ndani. Nilisoma mbele ya mtaa mzima, na sauti ilisimama pamoja nami: "'Likitoka nje ya geti langu kwa magurudumu yake, na mtu amekaa ndani, ondoka nalo.' Ni mwandiko wako. Magurudumu haya hapa. Neno injini halimo."

Ashura alipiga kigelegele, watu wakaangua kicheko, na mtu akapaza sauti, "Mzee Agustino, umeshikwa kwa kalamu yako!"

"Na mtu ni mimi," akasema Bibi. Alifungua mlango, ukafunguka bila kubanana, akaingia na buti zake na kiroba chake cha viazi, akakaa kiti cha mbele, akaweka miguu yote miwili sakafuni. Nikaingia upande wa usukani. Breki ya mkono niliitoa mwenyewe.

Fundi na vijana walishika nyuma. Gari lilisogea kidogo, likazama kwenye tope, likakataa. Wakasukuma tena. Bado. Walihitaji mtu mmoja zaidi.

Bibi akatoa kichwa dirishani. "Agustino! Unasubiri uandikiwe barua?"

Kupitia kioo cha nyuma nilimwona anavua koti la suti, anamkabidhi mwenye mtungi alishike, anakunja mikono ya shati. Akaja akaweka mabega penye madigadi ya kushoto, pale pale palipokuwa na gazeti. Pijo likatoka topeni kwa mkupuo.

Getini kuna mtaro uliofunikwa kwa nondo. Magurudumu ya mbele yaligonga, du, ya nyuma yakagonga, du, na viazi vikaruka kwenye kiroba. Nilikanyaga sakafu kwa nguvu, miguu yote miwili, makusudi. Ilibaki imara.

Mbele yetu ilikuwa barabara kuu, na gereji ng'ambo, ndiko tulikokuwa tunalipeleka. Malori matatu kutoka Songea yalilazimika kusimama, yakaanza kupiga honi, na madereva wakatoa vichwa kutazama gari la mabaka linaloendeshwa na mwanafunzi na halina hata mlio. Zamani ningejificha chini ya usukani.

"Usiwatazame, mke mwenzangu," akasema Bibi, anapanga kanga yake. "Waache wasubiri."

Niliwatazama. Kisha nikanyoosha usukani, tukavuka kwa mwendo wetu.